Saratani Nadra za Matiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwaka 2022, wanawake takriban milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Wengi wao walikuwa na moja ya aina mbili: ile ya kawaida inayoanzia kwenye mirija ya maziwa, ambayo huchukua wagonjwa 70 hadi 80 katika kila 100, na ile ya lobula, yaani ya vifuko vya maziwa, inayofuata kwa 10 hadi 15. Ukurasa huu ni wa waliobaki, yaani wale ambao majibu ya maabara yamewapa jina ambalo hawajawahi kulisikia, na kila wanayemuuliza huwasimulia habari za saratani nyingine. Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari wako. Yanakusaidia uingie chumbani kwake ukijua la kuuliza.

Saratani nadra ya titi ni ipi hasa?

Titi lina tishu za aina nyingi. Kuna mirija na vifuko vya maziwa, kuna nyama inayovishikilia, kuna mafuta, mishipa ya damu na seli za kinga. Saratani inaweza kuanzia kokote humo. Ikianzia kwenye utando wa mirija na vifuko huitwa kasinoma, na ndani ya kundi hilo zimo za nadra kama metaplastiki na adenoidi sistiki. Ikianzia kwenye nyama shikizi au mishipa ya damu, hapo tunazungumzia uvimbe wa filode na sakoma. Ikianzia kwenye seli za kinga ni limfoma. Na mara chache, uvimbe uliopo kwenye titi ni mgeni: ni saratani iliyotoka kwingine, kwa mfano melanoma ya ngozi, mapafu au ovari, ikaja kuota hapo.

Nyingi kati ya hizi, kila moja peke yake, hazifiki mgonjwa 1 katika kila 100 wenye saratani ya titi. Ndiyo maana daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na baadhi yake.

Nadra maana yake ni mbaya zaidi?

Hapana, na ningependa kila aliyefika hapa usiku akiwa na hofu asome jibu hili kabla ya mengine. Baadhi ya saratani nadra za titi ni miongoni mwa zile zenye matokeo mazuri kuliko zote. Adenoidi sistiki ni mfano mzuri. Katika takwimu kubwa, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai miaka 10 baada ya kugunduliwa, na ugonjwa huo ni nadra kufika kwenye tezi za kwapani. Kasinoma ya tubula nayo hukua polepole na mara nyingi hupona kwa upasuaji pamoja na matibabu mepesi. Ya ute, ambayo huwapata zaidi wanawake wenye umri mkubwa, pia huwa na tabia ya upole.

Kwa upande mwingine zipo kali: angiosakoma, metaplastiki, saratani ya titi yenye uvimbemoto. Neno nadra peke yake halikuambii uko upande gani. Jina kamili ndilo linalokuambia.

Dalili zake ni tofauti na za saratani ya kawaida?

Nyingine zinafanana kabisa: uvimbe mgumu usiouma. Ila zipo dalili ambazo watu huzipuuza kwa sababu hawahisi uvimbe wowote mkononi.

Titi linalovimba lote, likawa jekundu au la rangi iliyokolea, la moto, na ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, ndani ya wiki au miezi michache, linaweza kuwa na saratani yenye uvimbemoto. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia badala yake ngozi iliyoanza kuwa nene, rangi iliyobadilika kuwa ya zambarau au kahawia nzito, na titi moja kuwa zito kuliko lenzake. Chuchu inayowasha, kuchubuka na kutoa magamba ya ukurutu kwa wiki kadhaa, upande mmoja tu, ichunguzwe kwa ajili ya ugonjwa wa Paget, yaani saratani inayojitokeza kwenye ngozi ya chuchu. Doa la buluu au zambarau linalofanana na alama ya kugongwa, ilhali hukugongwa, hasa mahali palipowahi kupigwa mionzi, halifai kusubiriwa. Na uvimbe laini wenye mipaka inayoeleweka, ambao umeongezeka ukubwa maradufu kwa muda mfupi, unaweza kuwa filode hata kama mwaka jana uliambiwa ni uvimbe usio na madhara.

Nilipewa dawa za jipu na hazijasaidia. Nifanye nini?

Rudi. Si kila titi jekundu ni saratani. Kwa mama anayenyonyesha, maambukizi ndiyo sababu ya kwanza kufikiriwa, na ni sahihi kuanza na dawa za bakteria. Kuna pia kifua kikuu cha titi na uvimbe wa granuloma, ambavyo si saratani lakini huiga saratani hadi kwenye picha. Ila kama umemaliza dozi na hakuna nafuu ya wazi ndani ya wiki moja au mbili, hatua inayofuata isiwe dozi nyingine ya aina ileile. Iwe ultrasaundi, mamografia, na kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachopimwa maabara, pamoja na kipande kidogo cha ngozi yenyewe. Ukiambiwa usubiri mwezi mwingine, uliza kwa heshima lakini kwa uwazi: “Daktari, tunaweza kupima kinyama sasa ili tuondoe saratani kwenye hesabu?”

Kwa nini nichomwe sindano kwanza? Si bora uvimbe utolewe wote mara moja?

Swali hili huulizwa na watu wenye akili timamu wanaotaka kitu kibaya kiondoke mwilini leo. Tatizo ni kwamba upasuaji sahihi hutegemea jina, na jina bado halijajulikana.

Tuchukue mifano. Limfoma ya titi hutibiwa kwa dawa. Kukata titi zima hakumwongezei mgonjwa chochote. Saratani yenye uvimbemoto huanza kwa dawa za kemo na upasuaji hufuata baadaye, kwani kukata kwanza huacha seli kwenye ngozi. Filode mbaya huhitaji kutolewa pamoja na nyama safi inayoizunguka. Ikichomolewa tu kama uvimbe wa kawaida, mabaki hurudi na pengine hurudi na ukali zaidi. Katika hali zote tatu, mtu aliyekatwa kwa haraka hulazimika kurudi kwenye meza ya upasuaji au hukosa mpangilio bora wa matibabu.

Sindano inayofaa ni ile nene, mara nyingi ya geji 14, inayotoa vipande vyembamba virefu vya nyama chini ya ganzi. Sindano nyembamba inayofyonza seli chache haitoshi kwa uvimbe nadra, kwa sababu mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayesoma kinyama kwa darubini, anahitaji kuona jinsi seli zilivyojipanga. Hata hivyo sindano nene nayo ina mpaka wake: filode na fibroadenoma, uvimbe wa titi usio saratani, hufanana sana kwenye kipande kidogo. Uvimbe unaokua haraka, hata kama kinyama kimesema ni fibroadenoma, utolewe wote na upimwe upya.

Kuchomwa sindano hakutasambaza saratani?

Uoga huu umewachelewesha wengi. Vipimo vya kinyama kwa sindano vimefanywa kwa mamilioni ya watu, na havijaonekana kupunguza nafasi ya kupona. Kinachopunguza nafasi hiyo ni miezi inayopotea.

Kinyama changu kinapitia nini maabara?

Naeleza hili kwa urefu kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapa, na mengine mgonjwa au ndugu yake anaweza kuyazuia.

Kipande kikitoka mwilini kinaanza kuharibika. Kinatakiwa kuwekwa ndani ya fomalini ya asilimia 10 haraka, isizidi saa moja, kwenye chupa yenye mdomo mpana na dawa ya kutosha kukifunika vizuri. Humo kikae kati ya saa 6 na 72. Kikikaa muda mfupi hakiivi. Kikikaa siku nyingi, au kikiwekwa kwenye maji ya chumvi, vipimo vya vipokezi, yaani protini za seli zinazopokea ishara kama za homoni, vinaweza kutoa jibu la uongo, mgonjwa akaambiwa hana kipokezi cha homoni ilhali anacho. Kama wewe ndiye unayekabidhiwa chupa uipeleke maabara, ipeleke siku hiyohiyo, na hakikisha juu yake pameandikwa jina, titi la kulia au la kushoto, na saa kipande kilipotolewa.

Baada ya hapo kipande huzamishwa kwenye nta na kuwa kibonge kidogo kinachoitwa bloku. Kutoka kwenye bloku hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, vikabandikwa kwenye kioo kiitwacho slaidi na kupakwa rangi. Kwa uvimbe nadra rangi za kawaida hazitoshi. Hupakwa rangi maalumu zinazoshika protini fulani: sitokeratini zikionekana, asili ni kasinoma, CD31 na ERG huelekeza kwenye mishipa ya damu, hivyo angiosakoma, CD20 huelekeza kwenye limfoma ya seli B. Kila jibu hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine, na ndiyo maana majibu ya uvimbe nadra huchelewa kuliko ya jirani yako uliyepimwa naye siku moja.

Bloku huhifadhiwa. Uliza iko wapi na namba yake ni ipi, ukaiandike mahali hutapoteza. Vipimo vipya vya miaka ijayo vitaitegemea hiyo.

Nisome wapi kwenye karatasi ya majibu?

Anza na jina la uvimbe. Kisha tafuta daraja, kuanzia 1 hadi 3, linaloonyesha seli zimeharibika kiasi gani zikilinganishwa na za kawaida. Daraja si hatua. Hatua huonyesha ugonjwa umefika wapi mwilini. Kisha tafuta vipokezi vitatu: estrojeni, projesteroni na HER2. Vyote vikiwa hasi, madaktari huita saratani hiyo hasi tatu.

Hapa nadra huvunja kanuni. Kwa kawaida hasi tatu ni habari nzito. Lakini adenoidi sistiki huwa hasi tatu na bado ni ya upole, na ile inayotoa majimaji kama ya maziwa, iitwayo sekretori, ni hivyohivyo. Daktari akisoma mstari wa vipokezi bila kusoma mstari wa jina, anaweza kumpa mgonjwa kemo nzito ambayo haikuhitajika. Kama umefanyiwa upasuaji, tafuta pia maelezo ya kingo: je, ukingo wa kipande kilichotolewa ni safi, na umbali kutoka kwenye uvimbe ni milimita ngapi?

Nitafute mtaalamu wa pili?

Ndiyo. Kwa saratani ya kawaida ningesema inategemea. Kwa saratani nadra naona ni hatua ya lazima pale inapowezekana. Na maoni ya pili yenye thamani kubwa zaidi ni ya mtaalamu wa patholojia. Daktari wa pili wa upasuaji akisoma karatasi ileile atafika pale pale. Slaidi na bloku ziende kwa mtu anayeona uvimbe wa matiti au sakoma kila siku. Si lazima wewe usafiri. Vioo husafiri, na siku hizi hata picha zake za kidijitali hutumwa. Daktari mzuri haoni ombi hili kama dharau.

Kwa sakoma na limfoma, omba pia kesi yako ijadiliwe na jopo lenye daktari wa upasuaji, wa mionzi, wa dawa za saratani na wa patholojia kwa pamoja, kabla hujakatwa.

Filode mbaya hutibiwaje?

Filode hugawanywa makundi matatu: zisizo saratani, za katikati, na mbaya. Zote tatu huweza kurudi palepale, ila mbaya pekee ndiyo yenye kawaida ya kusambaa, kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5. Husafiri kwa damu, si kwa limfu (majimaji yanayopita kwenye tezi), hivyo huelekea mapafu kwanza. Kutokana na hilo, tezi za kwapani kwa kawaida haziondolewi, na mgonjwa huepushwa na mkono kuvimba maisha yake yote bila sababu. Tezi zikivimba huwa mara nyingi ni mwitikio wa mwili tu. Zichomwe sindano kabla ya kuhukumiwa.

Matibabu makuu ni upasuaji wenye ukingo mpana, angalau sentimita 1 ya nyama safi kila upande. Kama titi linaweza kubaki na umbo, si lazima likatwe lote. Uvimbe ukiwa mkubwa sana, kukata titi zima ndiyo njia pekee ya kupata ukingo huo. Mionzi huongezwa mara nyingi kwa filode mbaya ili kupunguza kurudi. Vidonge vya homoni havifanyi kazi, hata kama karatasi imeonyesha vipokezi. Kemo hubaki kwa wale ambao ugonjwa wao umesambaa, na hutumia dawa za sakoma kama doksorubisini na ifosfamidi.

Kurudi hutokea zaidi ndani ya miaka 2 hadi 3 ya mwanzo. Kipindi hicho kliniki zisikosekane.

Nilipigwa mionzi zamani. Niiogope angiosakoma?

Uifahamu, usiishi kwa kuiogopa. Angiosakoma baada ya mionzi hutokea kwa watu wachache mno, na faida ya mionzi kwa saratani yako ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko hatari hii. Huja kwa kuchelewa, kwa kawaida miaka 5 hadi 10 baadaye, kwenye ngozi ya eneo lililopigwa. Huanza kama doa la zambarau, vipele vidogo, au ngozi nene. Huweza pia kuota kwenye mkono uliovimba miaka mingi baada ya tezi kuondolewa, hali iliyoelezwa na Stewart na Treves mwaka 1948. Aina inayoanza yenyewe, bila mionzi, huwapata wanawake vijana zaidi na hukaa ndani ya titi.

Ni kali. Huhitaji kuondoa titi na ngozi yote iliyoguswa na mionzi kadiri inavyowezekana, kwa sababu seli zake hutambaa mbali kuliko jicho linavyoona. Paklitakseli ni mojawapo ya dawa zinazoifanyia kazi. Doa la namna hiyo likiwa kwenye ngozi yako, lichukuliwe kinyama cha kina, na mwenye kulipima aambiwe wazi kwamba uliwahi kupigwa mionzi. Taarifa hiyo moja kwenye fomu hubadilisha namna anavyotazama slaidi.

Saratani yenye uvimbemoto ina tiba?

Ina tiba, na mpangilio wake haupaswi kupinduliwa: kemo kwanza, pamoja na dawa dhidi ya HER2 kama kipokezi hicho kipo, kisha kuondoa titi lote pamoja na tezi za kwapani, kisha mionzi. Ni kati ya 1 na 5 katika kila saratani 100 za titi, na tangu siku ya kugunduliwa huhesabiwa kuwa angalau hatua ya tatu. Takwimu za Marekani huonyesha takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wakiwa hai baada ya miaka 5. Ambao kemo imefuta saratani yote kabla ya upasuaji hufanya vizuri zaidi ya wengine. Kutengeneza titi jipya papo hapo huahirishwa.

Na metaplastiki?

Ni kasinoma iliyobadilika sura: ndani yake huonekana seli zinazofanana na za ngozi, mfupa, gegedu au sakoma. Shirika la Afya Duniani liliitambua kama aina inayojitegemea mwaka 2000. Wengi huwa na hasi tatu, uvimbe huwa mkubwa, na kemo huupunguza kwa shida kuliko saratani nyingine za hasi tatu. Ikiwa kemo imetangulia, uvimbe upimwe mara kwa mara. Ukiendelea kukua, upasuaji usisubiri ratiba iishe. Zipo aina ndogo za daraja la chini ambazo ni za upole, kwa hiyo uliza ni aina gani.

Chuchu yangu ina ukurutu. Ni ugonjwa wa Paget?

Ukurutu wa kweli kwa kawaida huwa pande zote mbili, huanzia kwenye duara jeusi linalozunguka chuchu, na hupungua kwa dawa ya kupaka. Paget huanzia kwenye chuchu yenyewe, upande mmoja, na dawa ya kupaka inaweza kuituliza kidogo bila kuiponya. James Paget aliuelezea mwaka 1874, akiona kwamba saratani ya titi hufuata nyuma yake, na hadi leo zaidi ya watu 8 kati ya 10 wenye hali hii hukutwa na saratani nyingine ndani ya titi. Kipimo ni kipande kidogo cha ngozi ya chuchu. Matokeo hutegemea kilichomo ndani: kama saratani bado imefungiwa kwenye mirija, nafasi ya kupona ni kubwa sana.

Limfoma inawezaje kuwa kwenye titi?

Seli za kinga ziko kila mahali. Limfoma ya titi iliyo ya kawaida zaidi ni ya seli B kubwa, na hutibiwa kwa kemo pamoja na rituksimabu, wakati mwingine na mionzi. Wengi hupona. Kuna pia limfoma ya seli T inayoota kuzunguka mfuko wa silikoni uliopandikizwa kwenye titi, ambayo iliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997 na huhusishwa na silikoni zenye uso wa kukwaruza. Dalili yake ni titi kujaa maji ghafla, mara nyingi miaka 8 hadi 10 baada ya kuwekewa. Maji hayo yasimwagwe. Yapimwe kama yana seli zenye protini iitwayo CD30. Ikigunduliwa mapema, kuondoa silikoni pamoja na ganda lake lote mara nyingi hutosha.

Mume wangu ana uvimbe chini ya chuchu. Mwanamume anaweza kupata?

Anaweza. Takriban mgonjwa 1 katika kila 100 wa saratani ya titi ni mwanamume. Wengi huwa na vipokezi vya homoni, hivyo tamoksifeni, kidonge kinachozuia homoni, huwa msaada mkubwa baada ya upasuaji. Apimwe pia kinasaba cha BRCA2, ambacho kikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya titi katika ukoo, kwa faida ya watoto wake wa kike na wa kiume. Wanaume huchelewa kwa aibu, msindikize.

Nina mimba. Matibabu yatasubiri?

Si lazima. Upasuaji hufanyika, na aina kadhaa za kemo hutolewa kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Mionzi, vidonge vya homoni na dawa dhidi ya HER2 husubiri mtoto azaliwe.

Kuna dawa mpya kwa ajili ya aina nadra?

Mfano bora ni sekretori. Saratani hii hubeba muunganiko wa vinasaba viwili, ETV6 na NTRK3, na muunganiko huo ndio unaoiendesha. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha larotrektinibu, kidonge kinachozima injini hiyo katika saratani yoyote yenye kasoro ya NTRK, iwe ya titi au ya tezi ya mate. Wengi huponywa na upasuaji na hawatakihitaji kamwe, lakini kwa yule ambaye ugonjwa wake umesambaa ni tofauti kubwa. Kwa hasi tatu, zikiwemo metaplastiki, pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, huongezwa kwenye kemo kwa wagonjwa wanaofaa. Ukisikia jaribio la tiba linalopokea wagonjwa wa aina yako, uliza; kwa magonjwa nadra, milango hiyo haipo mingi.

Nitaishi miaka mingapi?

Hakuna anayeweza kukupa tarehe, na anayekupa anakosea. Takwimu ya miaka 5 huhesabu ni wangapi katika kundi walikuwa hai siku hiyo. Haisemi kwamba maisha huishia hapo. Kwa uvimbe nadra kuna tatizo la ziada. Makundi ni madogo, wagonjwa wamekusanywa kwa miongo kadhaa, na wengi wao walitibiwa kabla ya dawa za leo kuwepo. Namba unayoisoma inaweza kuwa inamzungumzia mtu aliyetibiwa miaka 30 iliyopita.

Mambo yanayobeba uzito kwako ni haya: jina la uvimbe, ukubwa wake, daraja, kama kingo ni safi, kama tezi au mapafu yameguswa, na jinsi ulivyoitikia dawa. Mwombe daktari akueleze kwa maneno haya: akiwa na matumaini makubwa anatarajia nini, akiwa na hofu anatarajia nini, na anaona kipi kinaelekea zaidi. Kama hutaki kujua kwa sasa, mwambie pia. Ni haki yako, na unaweza kubadili nia baadaye.

Ikiwa imesambaa, kuna la kufanya?

Lipo. Dawa hupunguza uvimbe, mionzi hutuliza maumivu ya mfupa, na uvimbe mmoja au miwili ya mapafu iliyotokana na filode wakati mwingine hutolewa kwa upasuaji. Huduma ya kutuliza maumivu ianze mapema, sambamba na matibabu mengine. Haimaanishi umekatiwa tamaa. Morfini ya maji ikitumiwa kwa maelekezo ni nadra kumfanya mgonjwa kuwa mraibu, wala haimharakishii kifo. Kidonda kinachonuka kina dawa: metronidazoli iliyosagwa na kunyunyizwa juu yake hupunguza harufu, na mgonjwa hurudi kukaa na wenzake sebuleni.

Dawa za mitishamba je?

Mwambie daktari kila unachokunywa, bila kuogopa kukaripiwa. Baadhi ya mimea huathiri ini na kubadilisha nguvu ya kemo. Hakuna mmea wa kunywa uliothibitishwa kuponya angiosakoma, filode au metaplastiki, na aina hizi hukua wakati unangoja.

Baada ya matibabu nifuatiliwe vipi?

Kwa nyingi, uchunguzi wa mkono wa daktari kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya mwanzo, kisha kwa nafasi zaidi, pamoja na mamografia kila mwaka kwa titi lililobaki. Filode mbaya na sakoma huhitaji picha za kifua pia, kwa kuwa mapafu ndiyo njia yake. Adenoidi sistiki huweza kurudi baada ya miaka mingi, kwa hiyo usiage kliniki mwaka wa tano. Kama katika ukoo wenu kuna sakoma, saratani za utotoni au saratani ya titi katika umri mdogo, uliza kuhusu kinasaba cha TP53, ambacho kasoro yake ya kurithi huleta saratani za namna hiyo. Mwenye kasoro hiyo hukwepeshwa mionzi inapowezekana, kwa hiyo jibu hilo lipatikane kabla ya mionzi kupangwa.

Nibebe nini siku ya kumwona daktari?

Karatasi ya patholojia yenyewe, si muhtasari wake. Namba ya bloku na jina la maabara. Picha zote, hata za zamani zilizosema hakuna tatizo, kwani kasi ya kukua huonekana kwa kulinganisha. Orodha ya dawa. Historia ya mionzi na silikoni, kama ipo. Na mtu mmoja wa kuandika wakati wewe unasikiliza, kwa sababu baada ya kusikia jina la ugonjwa, mengi yanayofuata hayaingii.